Makombe Mawili ya Bibi Ishkuk

Alikuwako, nanyi msiniulize ni karne gani, Sultani Nuumani bin Ghazwani, mwenye enzi ya Zabarjadi, mji wa katikati ya jangwa usioijua bahari ila kwa habari, na katika raia zake alikuwako tajiri wa manukato aitwaye Tamimu, mzuri wa sura na mkarimu wa mkono, ila alikuwa na wivu usio na kifani. Muuza maziwa akimwamkia mkewe, basi siku hiyo chakula hakimshuki.

Na mkewe huyo, Bibi Ishkuk, alikuwa binti wa Wamaya, watu wa nyuma ya bahari kuu. Baba yake alimwoza kwa shingo upande, akampa Tamimu mwaka mmoja tu wa kukaa naye, kisha jini Harduni, mtumishi wa baba huyo, amrudishe binti nyumbani. Lakini Harduni alikuwa mpenzi wa hesabu kupita kiasi, akamwambia bibi kwa siri: "Cheza nami hesabu ya mchangani kila asubuhi, na miaka itakayosomeka hapo siku ya mwisho ndiyo utakayokaa na mumeo. Ukimwambia kabla hatujamaliza, mchezo umevunjika." Tamimu aliujua ule mwaka, na ulimkondesha, ila mchezo hakuujua.

Alichokijua ni kwamba kila asubuhi mkewe hujifungia ghalani na jini, na kicheko husikika hadi barazani. Akamwuliza, "Mna nini humo?"

"Hesabu tu, bwana wangu."

"Hesabu gani inayochekesha?"

"Hesabu ya kwetu. Punje ya kakao ni moja, kijiti ni tano. Vijiti vikitimia vinne tunaviondoa, tunaweka punje moja ghorofa ya juu, na huko kila punje ni ishirini. Ghorofa ya juu yake, kila punje ni ishirini mara ishirini."

"Na haya makombe mawili ya baharini uliyokuja nayo?"

"Kombe si kitu, bwana wangu. Linakaa pale pasipo na kitu."

Tamimu akaondoka moyo ukimchemka, kwani wivu ulikwisha kumpigia hesabu yake mwenyewe: punje iliyokaa juu ni jini, na kombe lililolala chini, lisilo kitu, ni yeye mwenye nyumba. Akawa hali, halali, na manukato yake yote yakamnukia uvundo.

Ikafika alfajiri ya mwisho wa mwaka, na Tamimu akachungulia katika tundu la mlango. Mchangani palikuwa na ghorofa mbili, na katika kila moja vijiti vitatu na punje nne. Harduni akatia punje moja chini, akasema, "Jumlisha, binti wa bwana wangu." Bibi akakusanya punje tano zikawa kijiti, vijiti vinne vikawa punje ya ghorofa ya pili, na huko nako kukajaa kukapanda, hata ikabaki punje moja peke yake juu kabisa, na chini yake makombe mawili. Bibi akaangua kilio cha furaha, maana ile ilikuwa miaka mia nne, na nani anaishi zaidi ya hiyo? Akakimbia kumtafuta mumewe ampe habari, na jini akapanda darini kungoja jua lichomoze, mwaka utimie.

Mume huyo akaingia kwa mlango wa nyuma, akayatwaa yale makombe, akayasaga kwa kisigino mpaka yakawa unga. "Mimi si kitu? Mimi?" Punje hakuigusa, kwa kuwa ugomvi wake ulikuwa na makombe. Na mchanga hauna mstari wa kuonyesha ghorofa. Ni makombe yaliyokuwa yameiinua punje ile.

Ishkuk akarudi, akaona, akapiga ukelele. "Umefanya nini, bwana wangu? Ile ilikuwa miaka yetu!" Akamweleza yote kwa pumzi moja.

Harduni akashuka. "Naisoma punje moja. Mwaka mmoja, nao umekwisha. Twende, binti."

"Niache niyarudishe makombe mahali pake!" akalia bibi.

"Aliyemaliza hagusi tena. Aliyeharibu ndiye atengenezaye."

Na makombe atayatoa wapi mtu wa jangwani? Jua likachomoza, jini akamshika bibi mkono, na wivu, kwa mara ya kwanza, ukamtoka Tamimu ukamwachia hofu tupu. Akajitupa kifudifudi, akaikunja mikono yake miwili mitupu mfano wa makombe, akaiweka mmoja chini ya mwingine, chini ya ile punje.

"Soma sasa, Harduni," akasema na machozi yanadondoka mchangani. "Hapa hapana kitu, na hapa hapana kitu. Mimi si kitu. Naye abaki."

Jini akainama, akasoma, akacheka hadi mitungi ikagongana. "Mia nne! Hesabu ni sahihi." Akatoweka.

Sultani Nuumani aliposikia habari hizo, akamfanya Bibi Ishkuk kuwa mwangalizi wa hazina yake, na nyumba ile ikajaa neema na watoto. Tamimu hakupona wivu wake wote, nisiwadanganye. Muuza maziwa alibadilishwa mara kadhaa. Basi enyi wenye wake na waume, msione haya kukaa chini ya mnayempenda hata mkahesabiwa si kitu, kwani Tamimu alilala mchangani vile hadi adhuhuri, akiogopa kuinua mikono, mpaka mkewe alipoketi kando yake akamwambia, "Inuka, bwana wangu. Imekwisha hesabiwa."