Kiboko na Shanta la Kileleni

"Hodi! Hadithi imefika!"

"Karibu, ipite ndani!"

"Ina matope miguuni!"

"Ipite nayo!"

"Ina njaa!"

"Tutailisha masikio!"

Haya, ilisheni. Na huyo anayekoroma pale nyuma mwamsheni, asije akasema kesho kwamba sikumsimulia.

Palikuwa na nchi moja iliyokatika vipande. Kipande hapa, maji. Kipande pale, maji. Kisiwa cha kwanza kilikuwa na mto na majani mabichi. Kingine kilikuwa na mchanga mweupe, wa moto kama kikaango. Kingine kilikuwa na msitu na maporomoko ya maji yanayonguruma bila kupumzika. Na cha mwisho kilikuwa na mlima mrefu uliokuwa ukitoa moshi. Wanaojua walisema, ukisimama kileleni pake unaiona nchi yote imetandazwa chini.

Kwenye kisiwa cha mto, ndani ya ufa wa jiwe, aliishi Pimbi na bibi yake. Pimbi mnamjua: mwili mdogo, mkia hana, maneno anayo. Bibi yake alikuwa mzee mpaka masharubu yake yamekuwa meupe, na macho yalikuwa yanamuaga. Jicho moja lilishaingia ukungu. La pili lilikuwa linajifunga pole pole.

Asubuhi moja Bibi akasema, "Mjukuu wangu, maisha yangu yote nimeona ufa huu na mgongo wa jirani. Kabla jicho hili halijazima, nataka niione nchi yangu. Yote. Halafu lizime likitaka."

Maneno hayo yalimchoma Pimbi. Alimpenda bibi yake kuliko kitu chochote, hilo nalisema wazi. Lakini Bibi alikuwa hawezi kutembea. Magoti yake yakikunjwa hayakunjuki. Na baina ya kisiwa na kisiwa kuna bahari, na mwenye njia ya bahari alikuwa Kiboko.

Kiboko! Mdomo wake ulikuwa mlango wa ghala. Anayetaka kuvuka alibebwa mgongoni, na ujira ulikuwa kikapu cha chakula. Mkubwa, kikapu. Mdogo, kikapu. Mtoto mchanga wa jana, kikapu. Ukimpa tu, ngwam! Kikapu na kawa lake vimeondoka. Basi kila mwaka, masika yakikatika, wanyama wadogo walikwenda likizo bila chakula, wakatazama mandhari huku matumbo yanalia. Mwaka mmoja Kanga alirudi kutoka likizo amekonda hata watoto wake wakamuuliza, "Wewe nani?"

Na Pimbi hakuwa na kikapu. Hakuwa hata na ndizi.

Akakaa, akafikiri. Akasimama, akafikiri. Kisha akakata ukindu, akasuka shanta kubwa lenye kamba za mabegani, akaacha kitundu cha kuchungulia upande mmoja. Akaomba kwa jirani iliki na tui la nazi, akalipaka nje kote, likanukia jiko la siku ya harusi.

"Bibi, ingia humu," akasema. "Usiseme neno. Wewe tazama tu."

Mzee mwingine angeuliza maswali mpaka jua lizame. Huyu akaingia.

Pimbi akaliburura shanta, kwaruu, kwaruu, mpaka ukingo wa mto. Majini zikatokea pua mbili. Fyuuu!

"We kidudu! Unakwenda wapi na hicho kinachonukia?"

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nakwenda likizo."

"Marahaba. Leta kikapu."

"Ah, mzee, hii si likizo ya vikapu. Hii ni likizo ya wakubwa. Bora nisikueleze, utaona uchungu bure."

"Nieleze!"

"Utakasirika."

"Nimeshakasirika! Nieleze!"

Pimbi akasogea. "Umewaona wale binadamu wageni wanaoshuka kwenye boti, pua zimeiva kwa jua?"

"Nimewaona."

"Mgongoni wana nini?"

"Wana shanta."

"Basi wale wana mali ya kubebwa tangu asubuhi hadi jioni, na hawataki. Wanabeba wenyewe. Wanapanda milima. Wanatumbukia majini. Wanalala chini wakaliwa na mbu. Na wanalipa!"

Kiboko akatoa kichwa chote nje. "Wanalipa ili wapate taabu?"

"Tena wakiikosa taabu wanarudi kwao wamenuna. Hiyo ndiyo raha ya wakubwa, mzee. Sisi wadogo tunabebwa, kwa kuwa hatujui raha. Samahani kuuliza, wewe umewahi kubeba shanta?"

Kiboko hakuwahi. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na masikio yake mnayajua yalivyo madogo, yakajaa mara moja.

"Humo ndani mna nini?"

"Chakula cha kileleni. Kinafunguliwa juu ya mlima tu. Kikifunguliwa chini, kinachacha papo hapo."

Kiboko akameza mate, glu! "Lete shanta. Mtalii ni mimi!"

"Na mimi?"

"Wewe utanionyesha njia."

"Mtembezaji hulipwa, mzee. Hata wale wageni hulipa."

Basi Kiboko akaingia ghalani kwake, akatoka na kikapu cha maembe makavu, akampa Pimbi. Akampa mwenyewe, bila kushikiwa fimbo. Mimi nisingeamini kama nisingekuwa ndiye ninayesimulia.

Wakaondoka. Chubwi! Kiboko baharini, shanta mgongoni, Pimbi juu ya shanta akitafuna embe. Wimbi likaja, Kiboko akakohoa. Wimbi likaja, Kiboko akanywa chumvi. Wakapanda kisiwa cha mchanga. Jua kali, mchanga moto, Kiboko akawa anainua mguu huu, anaweka ule. Huuu! Haaa! Huuu! Haaa!

"Pimbi, tumefika kwenye raha?"

"Umechoka, mzee?"

"Nimechoka!"

"Basi ndiyo raha yenyewe."

"Kumbe!" akasema Kiboko, akaongeza mwendo.

Kwenye kitundu, Bibi aliona mchanga mweupe usio na mwisho, na kasa wadogo wakikimbilia bahari huku wakiangukiana. Akacheka, khi khi khi.

Kiboko akasimama. "Shanta linacheka!"

"Ni chakula kinajipanga, mzee. Twende."

Chubwi! Bahari tena. Wakafika kisiwa cha msitu. Mawe yanateleza, mizizi inakwaza, na maporomoko yanamwagika vuuuu! Kiboko akapanda ubavuni mwa maporomoko, akateleza, puu! Akapanda tena, akateleza, puu! Akashika mzizi kwa meno, akajivuta, akafika juu anapumua kama mvukuto.

"Pimbi, tumefika kwenye raha?"

"Umechoka, mzee?"

"Nimechoka, na goti limechubuka!"

"Hata goti! Basi wewe umepita wageni wote."

"Kumbe!" akasema Kiboko, akalitazama goti lake kwa heshima.

Kwenye kitundu, Bibi aliona maji yakianguka na upinde wa mvua umesimama ndani yake. Hakucheka safari hii. Alilia kidogo, na shanta likalowa.

"Chakula kinavuja!" Kiboko akapiga kelele.

"Ni mchuzi huo. Wahi kileleni."

Chubwi! Bahari mara ya mwisho. Halafu mlima. Jamani, mlima! Majivu yanazama miguuni, mawe yanabingirika, upepo unasukuma. Hatua mbele, Kiboko anarudi nyuma. Hatua mbele, anarudi nyuma. Tumbo linaunguruma, ngurungu, ngurungu, hata mlima wenyewe ukadhani unajibiwa. Kiboko hakuuliza raha iko wapi, kwa sababu pumzi ya kuulizia ilikuwa imekwisha. Lakini harufu ya iliki ilikuwa mgongoni, ikamsukuma mpaka juu.

Wakafika kileleni. Kiboko akalitua shanta, tii! Akaachama mdomo mlango mzima. Akafungua kamba.

Akatoka Bibi. Masharubu meupe, kilemba kimekaa upande.

"Assalaam aleikum," akasema Bibi.

Kiboko alitazama ndani ya shanta. Akaligeuza. Akalikung'uta. Halikudondosha hata punje.

"Chakula kiko wapi?"

Maneno yote aliyozaliwa nayo Pimbi yalikimbia siku hiyo. Aliona mdomo ule, akamwona bibi yake alivyo mdogo mbele ya mdomo ule. Akajitupa mbele ya bibi yake, basi.

"Nimembeba kikongwe!" Kiboko akanguruma. "Bahari kwa bahari! Nauli sikupata, chakula sikupata! Nawatafuna wote wawili, halafu nateremka!"

"Teremka, mwanangu," akasema Bibi. "Na ukifika mtoni utawaambia nini?"

"Nitawaambia nimepanda mlima! Mimi, Kiboko!"

"Nani amekuona?"

Kiboko akageuka nyuma kumtafuta wa kumwona, akaona majivu tu.

"Wataona mnyama mnene anatoka majini, kama kila siku," Bibi akasema. "Watasema, alikuwa amelala kwenye tope. Watacheka. Umepata taabu yote hii, na huna shahidi."

"Pimbi atanishuhudia!"

"Huyu? Nani atamwamini huyu? Si ndiye aliyekwambia mimi ni chakula?"

Kiboko akamtazama Pimbi. Akamtazama Bibi. Mdomo ukaanza kujifunga, kidogo kidogo, mpaka ukakutana.

"Wewe watakuamini?"

"Uzee huu wote, sijasema uongo. Nitakachokiona kwa jicho hili, nitakisema. Ila jicho lenyewe limebaki moja, tena halina siku nyingi. Nisichokiona vizuri, siwezi kukishuhudia."

Lo! Kiboko alimnyakua Bibi, akamkalisha kichwani pake baina ya masikio.

"Tazama, Bibi! Kule ni mchanga niliouvuka, umeuona?"

"Uko mbali, mwanangu. Sogea."

Kiboko akasogea ukingoni.

"Na kule msitu! Maporomoko yale, yaliyonichubua goti! Umeyaona?"

"Moshi unanizuia. Zunguka."

Kiboko akazunguka. Akazunguka kilele chote, upande wa jua na upande wa kivuli, na kila mahali akauliza, "Umeona? Umeona vizuri? Usisahau!" Na Bibi akaona. Akaiona nchi yake yote, vipande vyote vimelala juu ya bahari, na kile cha nyumbani kidogo kabisa, chenye mto mwembamba kama uzi. Akatafuta ufa wake, hakuupata, akatabasamu.

"Imetosha, mwanangu," akasema. "Nimeona."

Kiboko akambeba kurudi, safari hii bila shanta, taratibu, maana shahidi havunjwi. Mtoni wanyama wote wakakusanyika. Bibi akasimulia: Kiboko alivuka, Kiboko alipanda, Kiboko alifika. Hakuongeza, hakupunguza. Kiboko alikaa katikati, anatikisa masikio, na goti amelitoa mbele ili lionekane.

Haukupita muda jicho la Bibi likazima, kama alivyosema. Lakini hakuhuzunika. Jioni alikaa mlangoni akiwaeleza watoto wa jirani rangi ya mchanga, na Pimbi alikaa miguuni pake, hachoki kusikia.

Na masika yaliyofuata yalipokatika, wanyama wakafika mtoni na vikapu vyao. Kiboko akavisukuma kwa pua. "Vikapu vya nini? Nani ana bibi? Nani ana babu? Mleteni huku, awe na macho mazuri!" Kobe akamleta babu yake. Kanga akamleta bibi yake. Wazee wa nchi ile wote wakatembezwa, na Kanga safari hii akarudi amenenepa.

Mimi nimetua mzigo wangu, mwenye masikio aende nao!

"Tunakwenda nao!"

Msiende bado, mna funzo la kuchukua. Watoto, msidanganye. Pimbi alidanganya, na mmeona yaliyompata, maskini: kabebwa nchi nzima, kashiba maembe, na bibi yake, siku zake zilipofika, kafa ameridhika. Msithubutu. Kalaleni.