Mpini wa Pili

"Ndugu ni mshika mpini wa pili."

Vijana wa kwaya waliusikia msemo huu harusini, kinywani mwa baba wa bwana harusi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Wao pia walipiga makofi, lakini hawakuelewa. Kesho yake, walipokuwa wakimsaidia Bibi Onorina Luvanda kumenya viazi, wakamwuliza ulitoka wapi.

"Huo haukuja na gari kutoka mjini," Bibi alisema bila kuacha kumenya. "Ni wa hapa hapa Maliwila, na shimo ulimozaliwa bado lipo, limeota majani tu. Tulieni niwaambie."

Akawasimulia chimbuko lake, nalo ni hili.

Miaka ile kijiji cha Maliwila kilikuwa kimefanya matanga mengi kuliko harusi. Ukimwi ulikuwa umepita nyumba kwa nyumba kama karani wa sensa. Dawa za kupunguza makali zilikuwa zimeanza kutolewa hospitali ya wilaya, lakini hofu ilikuwa imefika zamani, ikajenga na kuezeka. Mtu akikohoa wiki mbili, majirani hawakungoja kipimo. Walimaliza hesabu wenyewe. Kwao kifua kikuu kilikuwa jina la adabu la ukimwi, na ukimwi ulikuwa jina la adabu la jeneza.

Kazi ya wanaume wengi ilikuwa kupasua mbao. Mashine zilikuwa hazijapanda milima hii. Gogo la mkaratusi liliviringishwa hadi juu ya shimo lenye kina cha kumzidi mtu, likapigwa mstari kwa uzi uliochovywa katika unga mweusi wa betri kuukuu, kisha watu wawili wakashika msumeno mmoja, huyu juu ya gogo, yule chini shimoni. Wa juu hulenga mstari. Wa chini huvuta, na vumbi lote humwagikia yeye. Kwa kuwa wa juu hamwoni mwenzake, palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeivunja: msumeno hausogei mpaka sauti itoke shimoni iseme, "Nipo."

Eliuda Chaula alikuwa wa chini. Wa juu wake, kwa miaka tisa, alikuwa Lutengano Tweve. Mbao zao zilinyooka hata mafundi wa mjini waliziulizia kwa majina yao wawili, kama watu wanavyoulizia unga wa kinu fulani.

Lutengano alipoanza kukohoa, wapasuaji wote walisema ni vumbi. Eliuda naye alisema hivyo, ingawa kuna jambo lilikuwa likimkereketa moyoni. Vumbi la mbao humwagika chini, na Lutengano alikuwa wa juu. Yeye Eliuda, aliyelimeza miaka tisa, alikuwa hakohoi.

Siku Lutengano alipotoka zahanati na bahasha ya vidonge vya kifua kikuu, habari zilimtangulia nyumbani. Aliishi na kaka yake, Enea, katika nyumba ya marehemu baba yao. Nanyi mnaijua baridi ya huku: mtu halali bila kuota moto jikoni, na kila mmoja ana kigoda chake pembeni ya mafiga. Lutengano alikuta kigoda chake kimetolewa nje. Enea hakutamka neno baya. Alisema tu, "Wanangu ni wadogo, mdogo wangu," akamwonyesha banda la kukaushia pareto. Lutengano akahamia humo.

Na Eliuda? Eliuda alianza kupasua mbao na mpasuaji mwingine, Sanga. Alijiambia ni mpaka mwenzake apone. Ukweli alioujua yeye na mkewe Vaileti tu ulikuwa kwamba ndani ya kopo la tupa za kunolea msumeno, chini kabisa, chini ya kitambaa chenye grisi, palikuwa na chupa ya vidonge. Ulikuwa mwaka wa tano Eliuda anatumia dawa za virusi. Kila mwezi aliwaaga wenzake kwamba anakwenda wilayani kumsalimia mjomba. Aliogopa kwamba akisimama karibu na Lutengano, macho ya watu yatamtazama sana, na mtu akitazamwa sana huonekana.

Jumamosi moja alasiri alikuwa uani akinoa msumeno, akasikia hodi.

"Karibu, Tweve."

Alisogeza msumeno, lakini benchi hakulisogeza. Lutengano aliliona hilo. Akazunguka, akachuchumaa mahali ambapo upepo ulitoka kwa Eliuda kwenda kwake.

"Usihangaike," alisema. "Siku hizi najua upepo kuliko mwindaji."

Eliuda aliinamisha uso.

"Nimemeza miezi miwili, sijaruka hata siku moja. Juzi nesi Tusekile kanipima makohozi tena. Safi. Anasema siambukizi mtu, na nguvu zimerudi, naweza kufanya kazi. Imebaki miezi minne ya dawa."

"Hongera sana."

"Hongera haipasui mbao, Chaula." Lutengano alichora mstari mchangani kwa kidole. "Jumatatu nitapanda juu ya gogo, kama zamani. Nikikosa mtu wa chini, jioni nafunga mzigo. Nitakwenda kambi za msituni, kule mbali. Kule hawamwulizi mtu anakohoa nini."

"Kuna zahanati huko?"

"Kuna miti."

Wote wawili walijua maana yake. Dawa ya kifua ikikatwa katikati, ugonjwa hurudi na hasira ya aliyefukuzwa.

"Wanasema una ukimwi," Eliuda alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchoma.

"Nilipimwa na huo pia. Sina. Niliwaambia, hakuna aliyeamini, nikaacha." Lutengano akainuka, akajipangusa magoti. "Na kama ningekuwa nao, ningekuwa nimekosa nini? Wewe nisalimie shemeji."

Alipoondoka, Eliuda alijikuta ananoa jino lile lile la msumeno mpaka likawa jembamba.

Jumatatu ukungu ulikuwa haujaondoka mabondeni. Wapasuaji saba walikuwa kando ya shimo, na gogo jipya lilikuwa limeshapigwa mstari. Lutengano alifika, akasalimia, akajibiwa na wawili. Akavua viatu, akapanda juu ya gogo, akaushika mpini wa juu. Msumeno ukaning'inia. Mpini wa pili ukawa peke yake shimoni.

Akangoja.

Mahenge, ambaye alikuwa mcheshi wa kikosi na hakujua kufunga mdomo hata msibani, alisema, "Shuka, Tweve. Huo msumeno utaota kutu ukiwa mkononi mwako."

Wengine walicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka jambo liishe. Sanga alijishughulisha na kamba. Enea alikuwa pale pia, na shoka lake, akiyatazama makali yake kana kwamba yameandikwa barua.

Eliuda aliitazama miguu ya mwenzake juu ya gogo. Ilikuwa inatetemeka. Aliijua miguu ile. Ilisimama juu ya kichwa chake miaka tisa, na hata siku ya mvua kubwa, gogo liliposerereka, haikutetemeka. Akafahamu kwamba hii haikuwa homa. Ilikuwa aibu, na sehemu ya aibu ile ilikuwa yake yeye, aliyomtwisha mwenzake aibebe.

Akaanza kutembea kuelekea ngazi ya shimo.

"Chaula," Mahenge alisema, sasa bila utani. "Una mke na watoto."

"Ninao."

"Na huyu ni nani wako? Ndugu yake wa tumbo moja yule pale, hajashuka. Wewe unashuka kama nani?"

Eliuda alisimama, mguu mmoja ukiwa ngazini. Hakuwa msemaji. Watu waliokuwapo walisema baadaye kwamba alizungumza polepole, kama anayeusoma mstari juu ya gogo.

"Mimi sijui habari za matumbo. Miaka tisa huyu akivuta navuta, akipumzika napumzika. Ndugu ni mshika mpini wa pili."

"Atakuambukiza ukimwi wake, ndipo utajua ndugu ni nani."

"Yeye hana," Eliuda alisema. "Mwenye virusi ni mimi."

Hakuna aliyesogea. Juu ya gogo, Lutengano aligeuza kichwa.

"Mwaka wa tano sasa. Mjomba ninayekwenda kumsalimia wilayani ni dirisha la dawa. Mmekula nami, mmevuta msumeno nami, mmenibebesha magogo, hakuna aliyedhurika. Huyu mnayemkimbia amepimwa, akameza dawa, makohozi yake ni safi. Basi kama mnatafuta wa kumkimbia, mmechelewa, na mmekosea mtu."

Mahenge akauliza, "Mwaka wa tano?"

"Wa tano."

"Maana yake Desemba ile uliponipita mbao kumi na mbili, ulikuwa nao?"

"Zilikuwa kumi na nne."

Mtu mmoja akacheka, safari hii kicheko cha kweli. Mahenge akakuna shingo, akasema, "Basi niulizie kwa huyo mjomba kama anatoa na dawa ya uvivu."

Eliuda alishuka. Chini palikuwa na baridi na harufu ya mkaratusi mbichi. Akaushika mpini.

"Nipo," alisema.

Msumeno haukusogea. Akangoja, akasema tena, "Nipo, Tweve. Au umesahau kazi?"

"Ngoja," sauti ilijibu kutoka juu, nzito. "Ngoja kidogo, sioni mstari."

Kisha msumeno ukaenda.

Msidhani kila kitu kilinyooka siku ile kama ubao. Sanga alitafuta mwenza mwingine. Mnunuzi mmoja hakufika tena. Na Vaileti hakumsemesha mumewe siku mbili, kwa kuwa siri ile ilikuwa ya wawili na mume aliitoa peke yake. Siku ya tatu alimwekea chai, akakaa mbele yake.

"Ungeniambia kwanza," alisema.

"Sikujua kama nitasema. Mdomo ulinitangulia."

"Sijakataa ulichosema. Nasema ungeniambia, nije nisimame pale juu ya shimo. Wangetutazama wote." Alipokwisha kusema hivyo, alilichukua kopo la tupa, akaitoa chupa ya vidonge, akaifuta grisi na kuiweka juu ya kabati, mahali pa vikombe vya wageni. Haikufichwa tena.

Lutengano hakwenda msituni. Kila asubuhi alipita kwa Eliuda, wakameza dawa zao pamoja uani, huyu zake na yule zake, kwa kikombe kimoja cha uji. Watoto waliopita kwenda shule waliwaona, wakazoea. Nesi Tusekile akawa anawatania kwamba hata kanisani hakuna wanaoshika zamu hivyo.

Baada ya majuma matano, Enea alimfuata mdogo wake kwenye banda la pareto. Alikuwa anakohoa muda mrefu, na alipoulizwa alisema vumbi. Naye, kama mdogo wake, alikuwa wa juu.

"Hiyo zahanati," Enea aliuliza, akitazama pembeni, "hufunguliwa saa ngapi?"

Lutengano angeweza kujibu mengi. Alikuwa nayo, ameyalalia miezi. Alivaa koti.

"Saa mbili," alisema. "Twende, tuwahi foleni."

Wakateremka barabara kuu ya kijiji mchana kweupe, wawili, mbele ya macho ya watu wote. Enea alitaka wapite njia ya nyuma, mashambani. Lutengano alimshika mkono, akasema barabara ilichongwa kwa ajili ya watu. Enea akakutwa nacho kifua kikuu, akaanza dawa, akapona. Na nyuma yake wakaja wengine waliokuwa wakikoholea ndani ya kanga na makoti: mama aliyeuza pombe ya komoni, mwalimu mmoja, hata Sanga.

Zamani vijiji jirani vilituita watu wa makaburi. Walikuwa wakipita hapa hawaombi maji. Kisha wakaanza kuja kuuliza imekuwaje Maliwila watu wanatembea na vidonge mkononi kama wanatembea na njugu. Nasi tuliwaeleza kwa raha, maana hali hiyo haikuletwa na mkuu yeyote. Ililetwa na mpasua mbao aliyeweka mguu kwenye ngazi.

Hapo Bibi Onorina alitua kisu, akanyoosha vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji.

"Nendeni zahanati yetu leo," aliwaambia vijana. "Kila anayeanza dawa, iwe ya kifua au ya virusi, hutakiwa aje na mtu wa kumsimamia mpaka amalize. Kwingine nesi huuliza, 'Msimamizi wako ni nani?' Hapa kwetu haulizi hivyo. Anashika kalamu, anasema, 'Nitajie mshika mpini wako wa pili.' Na katika miaka yote hii hajawahi kuja mtu Maliwila akakosa jina la kutaja. Yule mzee harusini jana alikuwa anamkabidhi mwanawe kwa mke, akawaambia wote wawili neno zito kuliko mahari. Damu mtu hupewa bila kuulizwa. Kushuka shimoni hupewi. Unashuka mwenyewe, watu wakikutazama. Ndugu ni mshika mpini wa pili."