Ngamia wa Kinu cha Mzee Lali

Aliyefungwa kidoto huona kwa masikio. Mmeniuliza maneno haya yametoka wapi, wanangu, na kidoto chenyewe hamkijui. Ni kitambaa anachofungwa ngamia machoni anapozungusha kinu cha mafuta ya ufuta, asipatwe na kizunguzungu. Methali yenyewe ilianza hivi.

Huko Siyu alikuwako mzee mmoja mwenye kinu, Mzee Lali, na ngamia wake jike. Aliyemtunza ngamia ni Mwanahawa, mkaza mwana wa mzee. Kila asubuhi alimfunga kidoto huku akiimba chini chini, bila maneno, na ngamia akaenda.

Mwaka mmoja Ramadhani ilikaribia, kila nyumba ikataka mafuta. Mzee Lali akamleta Kombo, mpiga ngoma, apige kinuni mchana kutwa.

"Ngoma huwainua hata vikongwe," alisema, "sembuse ngamia."

Siku mbili ngamia alikwenda mbio. Ya tatu akawa anasimama kila baada ya hatua chache, na jioni hakugusa majani. Ya tano mbavu zilihesabika.

"Uvivu huo," akasema Mzee Lali. "Asipozunguka kesho, namchinja."

Siku zote zile Mwanahawa alikuwa akiyatazama masikio ya ngamia. Kila mkono wa Kombo uliposhuka, masikio yalilala nyuma na ngozi ya shingo ikatetemeka. Na jioni kidoto kikifunguliwa, wa kwanza kutafutwa na macho yale alikuwa Kombo.

Asubuhi Mwanahawa akamwendea mzee na kidoto mkononi. "Baba, leo uvae wewe."

"Mie ngamia?"

"Hajapungukiwa ila nundu," akasema Kombo.

Mzee akacheka, akafungwa, akaushika mti wa kinu. Kombo akapiga. Hatua ya nne mzee akasimama, mkono mmoja mbele ya uso.

"Nani huyo nyuma yangu?"

"Hakuna mtu, Baba. Kombo yuko kule mlangoni."

"Mbona namwona anakuja kunipiga?"

Mwanahawa akamwashiria Kombo aache. Kisha akaanza kuimba chini chini kama kawaida yake, akitembea kando ya mzee. Mkono wa mzee ukashuka. Akazunguka mara moja, akazunguka ya pili, wala hakuuliza yuko wapi.

Alipofunguliwa alimwendea ngamia, akamwekea kiganja shingoni. "Niwie radhi, mama," akamwambia.

Kombo alirudi kwake na chupa ya mafuta. Ngamia akapumzishwa. Siku ya tatu, Mwanahawa akiimba, alishusha kichwa akala, na baada ya juma moja alikuwa kinuni tena, kwa mwendo wake mwenyewe.

Mafuta ya Ramadhani ile yalichelewa. Wateja wakajaa mlangoni wakigomba na kugonga madebe yao. Mzee Lali akatoka, akaurudisha mlango taratibu nyuma yake.

"Semeni polepole, jamani," akawaambia. "Aliyefungwa kidoto huona kwa masikio."