Mama Aliyekariri Ubao wa Macho

Wapendwa, Bwana asifiwe! Mmeitika vizuri, hata waliokuwa wanasinzia. Hilo nitalirudia.

Kulikuwa na mama mmoja, msukaji wa mikeka. Jicho lake la kushoto likaanza kuona mistari iliyonyooka kama imepinda, na katikati pakaingia kiza. Daktari akampima, akamwambia, "Mama, nyuma ya jicho hili imeota mishipa ya damu isiyotakiwa, na inavuja. Ipo dawa ya kuizuia. Hiyo hiyo hupewa baadhi ya wagonjwa wa saratani, maana uvimbe nao hujioteshea mishipa ya kujilisha. Tutakuchoma sindano kila mwezi."

"Begani?"

"Ndani ya jicho, mama."

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Alichomwa mara moja, kwa ganzi, akatoka salama. Lakini hofu ikabaki. Mwezi wa pili akakaa kwenye benchi akiwasikiliza wenzake wakisoma ubao, ule wenye herufi E zilizogeuzwa kila upande: juu, kulia, kulia, chini. Msukaji hubeba nakshi nzima kichwani bila kuiandika. Atashindwaje na ubao? Zamu yake ilipofika, akaziba jicho zima, lile la kulia, akataja herufi zote mpaka mstari wa mwisho.

Daktari akafurahi. "Basi leo hatuchomi."

Miezi mitatu akafanya hivyo.

Asubuhi moja wifi yake akaushika mkeka mpya, akaugeuza huku na huku. "Wifi, huu umeusuka au umeuota? Nakshi imeanza sokoni, imeishia msituni!"

Majirani waliokuwepo wakacheka. Mama hakucheka. Akaziba jicho zima kwa kiganja, akamtazama wifi yake. Aliona khanga. Aliona mikono. Uso haukuwepo.

"Wifi, nishike mkono twende hospitali."

"Leo si zamu yako!"

"Zamu zangu nimezitupa mwenyewe. Twende."

Akasimama mbele ya daktari. "Mwanangu, sikuwa nasoma. Nilikariri."

Daktari akaugeuza ubao juu chini. "Soma sasa."

Mama akaziba jicho zima. "Sioni kitu."

"Mama, mtihani uliufaulu. Jicho ndilo limefeli."

"Basi nichome."

Tangu siku ile hakukosa mwezi hata mmoja. Kilichopotea hakikurudi chote, lakini kilichobaki hakikuondoka, na mpaka leo anasuka.

Sasa sisi. Nilipotaja Bwana asifiwe, mliitika kabla sijafunga mdomo. Tukiulizwa hali ya kiroho, tunajibu, "Namshukuru Mungu." Je, tunasoma, au tumekariri? Tunamdanganya nani? Mchungaji atafurahi, atatuombea baraka, atatuacha twende. Na ile mishipa huko nyuma inazidi kuota, inakula, inavuja.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, lakini kukariri nakujua. Mwaka mzima nimejibu "salama" humu ndani, huku sisalimiani na dada mmoja aliyeketi benchi la tatu. Nikimtazama, naona khanga na mikono. Uso wake sijauona tangu Pasaka ya mwaka jana.

Nikishuka hapa naenda kwake. Naogopa, kama yule mama alivyoiogopa sindano. Lakini naenda.

Wewe unaenda kwa nani?