Bapa Raja Aliyefungiwa Kuti

Haya nyie, mmekaa?
Tumekaa!
Masikio mnayo?
Tunayo!
Na akili?
...
Mbona kimya? Basi sogeeni motoni, maana hadithi hii inawahusu.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na kisiwa kidogo kikiitwa Nusamela, huko Indonesia, nchi yenye visiwa vingi hata wenyewe wamechoka kuvihesabu. Nusamela kilikuwa na nyumba arobaini, kanisa moja lililovuja, na watu waoga. Wakiogopa nini? Jani! Chekeni, lakini subirini.

Mila yao ilikuwa hivi. Kitu kikitakiwa kipumzike, uwe mwamba wa samaki au shamba la minazi, hufungwa kuti changa na kutiwa kiapo. Hapo hakiguswi hata kwa kidole, mpaka mkuu wa kijiji atoe neno kifunguliwe. Vilivyofungwa kwa kiapo kimoja hufunguliwa siku moja. Na atakayegusa? Huzungushwa kijiji kizima, alichokigusa kimetundikwa shingoni mwake, watoto nyuma wanampigia madebe. Mila nzuri hiyo, iliwalindia samaki wao miaka na miaka. Ubaya ni yule aliyekuwa na sauti ya kuitumia.

Mwenye sauti alikuwa mkuu wa kijiji, wakimwita Bapa Raja, mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi. Mwenye kazi ya kufunga kuti alikuwa Salomina, mjane, aliyeirithi kwa marehemu mumewe. Salomina aliishi na mama mkwe wake, Bibi Yakomina, kizee asiyebakiwa na jino hata moja. Tegemeo lao wawili lilikuwa mti mmoja wa sago uliokomaa.

Mnaujua mti wa sago? Ukiuona utadhani mnazi ulionenepa, lakini chakula chake kimo ndani ya shina. Unaukata, unakwangua moyo wake, unaukamua kwa maji, unga unatuama chini. Mti mmoja hulisha nyumba nusu mwaka. Ila ukatwe kabla haujachanua. Ukichanua, unga wote unapanda kwenye ua, na wewe unabaki na shina la makapi. Mmenisikia? Ukichanua, kwisha.

Basi siku moja Bapa Raja akarudi kutoka mjini, kifua mbele. Akapiga kengele, watu wakaja.

"Wakubwa wanakuja!" akasema. "Wanakuja na meli nyeupe. Watachagua kisiwa kimoja tu, wakijengee gati, wakitie umeme, wakipe shule ya sekondari. Watachagua kisiwa chenye neema. Na ninyi kazi yenu kula tu! Wageni wataona nini? Salomina, funga!"

"Mwamba, Bapa?"

"Funga!"

Salomina akafunga kuti mwambani, akasema, "Umefungwa, usiguswe, mpaka wageni waje." Watu wakapiga makofi.

"Na minazi, Bapa?"

"Funga!"

Akafunga kuti kwenye minazi, akasema, "Imefungwa, isiguswe, mpaka wageni waje." Watu wakapiga makofi.

"Na miti ya sago, Bapa?"

"Yote! Na kizuri chochote utakachokiona kisiwani humu, usiniulize tena. Funga!"

Salomina akafunga, kiapo ni kile kile, na wa kwanza kufungwa ulikuwa mti wake mwenyewe. Roho ilimuuma, lakini woga wake ulikuwa mkubwa kuliko uchungu wake. Na watu? Wakapiga makofi. Lo! Mtu anafungiwa chakula chake, naye anashangilia!

Wiki zikapita. Watu wakala mizizi ya porini iliyowasha ulimi. Bapa Raja alikula biskuti alizokuja nazo mjini.

Kulikuwa na Kaa mmoja mkubwa, wa wale wanaopanda miti na kupasua nazi kwa magando. Kaa huyo hakujua kuti wala kiapo. Akamwita Salomina kutoka juu ya ule mti wa sago.

"Salomina! Majani ya juu yamefupika. Nani amefunga?"

"Mimi."

"Nani amesema?"

"Bapa Raja."

"Meli umeiona?"

"Sijaiona."

"Ala!" Kaa akapasua nazi yake, akala.

Salomina akaenda kwa Bapa Raja. "Bapa, mti wangu unakaribia kuchanua." Bapa Raja akafuta chembe za biskuti kidevuni. "Subira, Salomina. Wageni wako njiani."

Mwezi wa pili Kaa akaita tena. "Salomina! Ncha imevimba. Nani amefunga?"

"Mimi."

"Nani amesema?"

"Bapa Raja."

"Meli umeiona?"

"Sijaiona."

"Ala!"

Salomina akaenda mbio. "Bapa, ncha imevimba!" "Subira, Salomina. Wageni wako njiani."

Mara ya tatu Kaa hakuuliza kitu. Alisema tu, "Pembe ya ua imechomoza," akateremka, akaenda zake. Salomina akakaa chini ya mti wake akalia kwa sauti.

Bibi Yakomina akatoka na fimbo yake. "Mwanangu, hiyo mizizi siwezi kuitafuna, unajua. Mti huu ukipotea, nichimbie kaburi kabisa."

"Mama, nifanyeje? Kufungua siwezi bila neno lake."

"Nani kakwambia ufungue? Alikuamuru ufunge nini?"

"Kizuri chochote nitakachokiona."

"Na nani anajiona mzuri kuliko wote kisiwani humu?"

Salomina akafuta machozi. Akamtazama mama mkwe wake, akacheka.

Mchana huo huo, Bapa Raja akiwa amelala anakoroma, Salomina akafunga kuti mlangoni kwake. Akafunga dirisha la kushoto, akafunga dirisha la kulia, akasema kwa sauti, "Amefungwa, asiguswe, mpaka wageni waje."

Bapa Raja akaamka, akaona kuti, akaona watu wamejaa uani.

"Nini hiki?"

"Nimetii, Bapa," akasema Salomina. "Kisiwani humu hatuna kitu bora kuliko wewe. Wageni wakukute mzima."

"Nikitoka je?"

"Toka tu. Tutakuzungusha kijiji kizima, mlango wako shingoni."

Watu wakautazama mlango. Ulikuwa wa mbao nzito. Bapa Raja naye akautazama, akarudi ndani.

Siku ya kwanza alitisha: "Nitawafukuza kisiwani!" Siku ya pili alibembeleza: "Salomina binti yangu, nitakupa kiti cha mbele kanisani." Siku ya tatu biskuti zikaisha.

"Nifungulieni!"

"Wageni wamefika, Bapa?"

"Hakuna wageni!"

"Na meli?"

"Hakuna meli!"

"Sasa nani alikwambia wanakuja?"

Sauti ndogo ikatoka dirishani. "Kulikuwa na karani mjini. Nilimuuliza lini watatujengea gati."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Tutaangalia.'"

Tutaangalia! Nyumba arobaini zimeshinda na njaa kwa neno analolisema karani ili umwondokee mezani! Na msidhani ni yeye peke yake aliyekuwa mjinga. Siku ile yeye alidanganya mara moja, wao wakapiga makofi mara tatu.

"Toa neno, Bapa," akasema Salomina. "Kiapo ni kimoja: ukifunguliwa wewe, vyote vinafunguliwa."

"Vifunguliwe! Vyote!"

Mashoka yakakimbia. Lakini miti mingi ilikuwa imechanua, na shamba la Bapa Raja, kubwa kuliko yote, lilikuwa limechanua lote. Mti wa Salomina nusu ya juu ilikuwa makapi, nusu ya chini ilikuwa na unga bado. Akakwangua, akakamua, akachuja. Mahali pa kupata vikapu kumi akapata vitatu.

Jioni akapika uji. Bibi Yakomina akameza kijiko cha kwanza amefumba macho, akaomba cha pili. Mara hodi! Bapa Raja huyo, bakuli mkononi, hana haya wala soni. Majirani wakachungulia waone atafukuzwaje. Salomina hakumfukuza. Alimkaribisha chini kwenye mkeka, akamjazia bakuli.

Bapa Raja akanywa nusu, akajilamba midomo, akasema, "Uji wenyewe mwepesi, Salomina."

Salomina akamnyang'anya bakuli mkononi. Akaunywa uji uliobaki, amesimama mbele yake, taratibu, mpaka chini kabisa.

Hadithi yangu nimeitua hapo, atakayeitaka aibebe. Funzo lake ni hili: ukiambiwa ushinde na njaa ili wageni wakuone una neema, muulize kwanza anayesema amekula nini leo. Nami niacheni nipumzike, koo limenikauka. Na ile mihogo mliyokuwa mnaichomoa motoni nikisimulia, mkidhani sioni, rudisheni mmoja.