Gari Jeupe la Ijumaa

Wanaonunua nazi sokoni wanaijua aibu hii. Mtu huinua moja, akaitikisa sikioni, akairudisha. Huinua nyingine, akaigonga kwa kucha, akaikataa kwa kuwa ina doa. Muuzaji humtazama tu. Mwishowe, jua likiwa limempiga na miguu imechoka, huibeba ile iliyo karibu na mkono wake, na akifika nyumbani akiivunja hukuta koroma lisilotoa hata tui la kutilia mchicha. Wahenga waliliona hilo zamani wakasema mchagua nazi hupata koroma. Hawakusema kuchagua ni vibaya. Walisema kuna kuchagua kunakomtia mtu upofu, na shahidi wangu ni Fuad wa Voi.

Fuad alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Voi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mtanashati, na kitambaa hakikuingia dukani mwake kabla hajakipapasa, akakinusa na kukiinua kwenye mwanga. Wateja walimpenda kwa hilo. "Cha Fuad hakichuji," walisema, na kweli hakikuchuja. Tatizo lake ni kwamba alidhani kila kitu duniani huchaguliwa kama kitambaa.

Mwaka huo chama cha madereva wa mjini kilipata kibali cha kufunga barabara ya vumbi inayozunguka chini ya mlima Sagalla, kwa asubuhi moja tu, sikukuu ya Mashujaa. Mbio zilikuwa za watu wa kawaida: walimu, wenye maduka, wakulima. Kila gari lilitakiwa liwe kuukuu, la mkono wa pili, na ndani yake wawe wawili, dereva na msomaji wa ramani wa kumwambia kona iliyo mbele. Fuad alikuwa akiziota mbio tangu utotoni. Msomaji wake wa ramani akawa dada yake Rayhana, mwalimu wa Jiografia, ambaye angeweza kukuchorea makorongo yote ya Sagalla akiwa amefumba macho.

Mama yao, Bi Zaitun, hakutaka hata kusikia.

"Wewe nenda kavunjike peke yako," alimwambia Fuad. "Mwanangu wa kike wamtakia nini?"

"Mama, nitatafuta gari zuri. Halitakuwa na ila hata moja."

"Nami si mtoto, mama," Rayhana akadakia, akicheka.

Bi Zaitun alimshika Fuad mkono, akaubana. 

"Haya, mchukue. Lakini umrudishe kama ulivyomchukua. Wanisikia, Fuad? Kama ulivyomchukua."

"Inshallah, mama. Nakuahidi."

Ahadi hiyo hakuisahau. Fedha aliyokuwa nayo ilitosha gari la bei ya chini tu, lakini alianza kulitafuta kama mtu anayemchagulia dada yake mume. Alibeba gunia, tochi na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Kila gari alilitandikia gunia, akalala chali, akaingia chini yake, na kutoka na vumbi jekundu nyweleni. La kwanza, kule Mwatate, alilikataa kwa sababu mlango ulilia ukifunguliwa. Jingine, rangi ya boneti haikulingana vizuri na ya milango. La Maungu lilikuwa zima kabisa, ila redio ilikoroma. Madalali wakaanza kumkwepa. Mmoja wao, Nicholas, alimpa jina la Daktari, na jina likamganda.

La tisa lilikuwa la Mbula. Huyu alikuwa mwanamke mfanyabiashara wa ndizi kule Taveta, Mkamba, mkavu wa maneno, aliyetaka kuuza Probox yake anunue pikapu. Kwa miaka sita gari hilo lilikuwa limebeba mikungu ya ndizi kutoka Taveta hadi Voi. Fuad alilala chini yake karibu nusu saa. Aligonga chuma kwa kifundo cha kidole, kikaitika. Hakuona kutu mahali popote. Akaliendesha, Rayhana kando yake, hadi ziwa Chala na kurudi kwenye barabara mbovu, lisitetemeke.

"Ndilo hili, kaka," Rayhana akasema. "Tulichukue twende nyumbani."

Fuad alifungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akakitoa upesi. Viti vilikuwa na madoa meusi ya utomvu, na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi ilikuwa imeingia hadi kwenye dari.

"Hapana," alisema. "Kuna bora zaidi mbele."

Mbula alimtazama. "Umekaa huko chini mpaka nikadhani umeshikwa na usingizi. Umeona shida gani?"

"Shida... sijaona."

"Sawa. Endelea kutafuta." Kisha akamgeukia Rayhana. "Hizo mbio zenu, muuza ndizi anaruhusiwa?"

"Kila mtu anaruhusiwa, dada."

"Basi tutaonana huko."

Siku zikayoyoma. Ukaguzi wa magari ulikuwa Jumamosi, na Ijumaa ilimkuta Fuad amekataa magari kumi na mawili na mikono ni mitupu. Alitoka msikitini mchana huo amevaa kanzu nyeupe, iliyotiwa wanga na kupigwa pasi mpaka ikasimama. Mbele ya duka lake alimkuta Nicholas ameegemea gari jeupe aina ya saluni.

"Daktari, hebu ona hii. Ilikuwa ya mama fulani mwalimu, Mombasa. Haijawahi kuona vumbi, wallahi."

Gari lilikuwa linang'aa. Ndani lilinukia maua, na zulia lake lilikuwa jipya. Milango ilifungika kimya. Fuad alilizunguka mara tatu, akalipapasa, akalinusa, akalitazama kwenye mwanga. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

"Chini kukoje?" aliuliza.

"Kumepakwa lami mpya, boss. Inama uone mwenyewe."

Gunia, tochi na kioo vilikuwa dukani, hatua kumi tu. Fuad alitazama mchanga wenye mafuta ya magari, kisha akaitazama kanzu yake. Akainama kidogo, mkono mmoja ukiishika kanzu isiguse chini, akaona weusi safi, laini. Akainuka.

"Ndilo hili," alisema.

Hapa ndipo mimi hushindwa kumwelewa. Magari kumi na mawili ambayo hakuyanunua aliyalalia vumbini. Lile moja alilolinunua hakulilalia, eti kanzu isichafuke!

Kesho yake wakaguzi walitazama breki, mikanda, magurudumu na kofia ngumu. Walimulika chini, wakaisifu ile lami. Rayhana alimvuta kaka yake kando.

"Ulilala chini yake kama yale mengine?"

"Niliona," Fuad akajibu. Hakusema uongo, na kweli pia hakuisema.

Jumatatu asubuhi watu walijaa kandokando ya barabara. Magari yaliachiliwa moja moja, likitoka moja dakika mbili zinapita kabla ya jingine. Fuad na Rayhana walitoka wa saba. Mbula, akiwa na binamu yake Mutheu kama msomaji, alikuwa nyuma yao. Gari jeupe lilikwenda kama lililonuia ushindi. Fuad alikuwa akicheka kwa sauti, na Rayhana akisoma karatasi yake bila kuinua macho.

"Kushoto, pana. Nyoosha. Kulia, kali, kisha korongo, punguza!"

Alipunguza. Gari lilitumbukia kwenye korongo kavu, likagonga chini, likapanda ng'ambo. Hapo Fuad alisikia sauti aliyoisikia kila siku dukani kwake, sauti ya kitambaa kikichanwa. Aligeuka kumtazama dada yake, na hakumwona.

Alitazama chini. Kichwa cha Rayhana kilikuwa usawa wa kiwiko chake. Kiti kilikuwa kimezama, sakafu haikuwepo, na mahali pa sakafu ilikuwa barabara, nyekundu, ikipita mbio.

"Fuad! Mguu wangu! Simama, kaka! Simama!"

Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari liliteleza, likajipinda, na mayowe ya Rayhana hayakukoma mpaka liliposimama. Mkanda ulikuwa umemshika kifuani, na huo peke yake ndio uliomzuia asiende chini ya gurudumu. Fuad alizunguka mbio hadi upande wake. Mlango ulikuwa umekwama. Akapiga magoti, kisha akalala chali chini ya gari hilo kwa mara ya kwanza, bila gunia. 

Aliona debe la mafuta ya kupikia. Lilikuwa limepasuliwa, likapigwa nyundo mpaka likalala, likabandikwa juu ya sakafu iliyoliwa na chumvi ya bahari, kisha likapakwa lami. Upande mmoja ulikuwa umebanduka, na maandishi ya "Lita 20" yalisomeka vizuri. Dada yake alikuwa ameketi juu ya debe! Karibu yake ulining'inia mguu wa kushoto, hauna kiatu, unachuruzika damu, na Fuad hakutaka kuutazama mara ya pili.

Probox ilitokea kwenye vumbi, ikasimama. Mbula akaruka nje.

"Shika mabega yake. Mutheu, leta kile kisu cha mikungu!"

Walikata mkanda, wakalikata zulia, wakamtoa Rayhana kupitia upande wa dereva. Walimlaza kwenye viti vya nyuma, na Fuad akaketi naye, mguu ule ukiwa mapajani mwake umefungwa kwa leso ya Mutheu.

"Mbio zako je?" Fuad alinong'ona.

"Nyamaza, mshike dadako," Mbula akamjibu. Akageuza gari, akalipitisha korongo lile lile, na sakafu haikutoa hata mlio.

Hospitalini walikaa saa nyingi. Daktari wa zamu alipotoka alisema Rayhana ataishi, na atatembea, ila kisigino kimepondeka na vidole viwili havikuokoka. Fuad alimpigia Nicholas simu mara kumi, na mara kumi ilikuwa imezimwa.

Bi Zaitun aliingia kumwona binti yake, akatoka. Uwanjani alimkuta Mbula akiosha damu kwenye viti, Fuad amesimama kando.

"Gari hili ndilo lililomleta mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Bi Zaitun alilipiga kofi ubavuni, taratibu, kama mtu anayemshukuru mnyama. "Mungu akuzidishie. Chuma hiki ni kizima."

"Ni kizima. Nilitaka kumuuzia kijana wako, akakataa."

Bi Zaitun aligeuka. Hakuwa amelijua hilo. Alimtazama mwanawe kwa muda, na macho yake yalikuwa yanaomba jibu lenye maana, jibu lolote.

"Ulilikataa, Fuad? Lilikuwa na ila gani?"

 Fuad aliitazama mikono yake, iliyokaukiwa na damu ya dada yake.

"Lilinuka ndizi, mama."

Mbula aliacha kusugua. Bi Zaitun aliketi pale pale kwenye ukingo wa saruji, akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika. Fuad alisimama mbele yake asijue aende wapi, kwa kuwa hakukuwa na kitambaa duniani cha kufunikia neno alilolisema.

Anayebisha kwamba mchagua nazi hupata koroma na aende Voi, amtazame mwalimu Rayhana akipanda ngazi za darasa lake.