Kadi Iliyokula Kuliko Kiboko

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa kompyuta kuukuu, ukiiwasha unamaliza chai kabla haijaamka. Niendelee?
Endelea, tuko macho.

Hapo kale, si kale sana maana umeme ulikuwepo, aliishi Komba, mwenye macho makubwa na mfuko mdogo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza video za harusi. Lakini kadi ya picha ya kompyuta yake, ile inayochora kila kitu kwenye skrini, ilikuwa imechoka. Bibi harusi Kanga akitembea, tap. Komba anasubiri. Tap. Komba anasubiri. Na Ijumaa ukoo mzima wa Kanga unakuja kutazama, ilhali Kanga hajafika hata mlangoni mwa ukumbi.

Komba akaenda dukani kuulizia kadi mpya. Akatajiwa bei. Akarudi kwa njia ya mbali.

Jirani yake, Kiboko, alikuwa na kompyuta kubwa kama kabati, na ndani yake kadi ndefu yenye feni tatu. Aliifanyia nini? Alitazama picha za chakula. Basi. Komba alikuwa ameomba kuiazima mara tatu, na mara tatu akajibiwa, "Changu ni changu, na chako kikipita hapa ni changu pia."

Jumatano Komba akabisha hodi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Papai."

Kiboko akalitia mdomoni zima, na mbegu zake. Komba akatega sikio kwenye kompyuta. Vuuuuu.

"Mjomba, nyumba hii nani anakula zaidi?"

"Swali gani hilo? Mimi. Mara sita kwa siku."

Komba akatikisa kichwa. "Huyu wa humu ndani anakula umeme tangu unapomwasha hadi unapomzima. Hapumziki hata kutafuna."

Kiboko akaacha kutafuna. "Kuliko mimi?"

"Weka mkono hapa nyuma. Unasikia joto? Hiyo ni pumzi ya aliyeshiba."

"Kuliko mimi?"

"Na huu mngurumo, vuuuuu, ndio kucheua kwake."

"Kuliko mimi, ndani ya nyumba yangu?" Hakuna aliyewahi kumshinda kwa kula tangu azaliwe. "Mtoe. Leo hii."

"Nimpeleke wapi, Mjomba?"

"Popote nisipomsikia akila."

Krik, Komba akafungua. Pwa, akaichomoa kadi, akachomeka ile yake kuukuu aliyokuja nayo. "Hii hula kama mgonjwa," akasema.

Nyumbani kadi ikagoma kuingia, ndefu mno. Komba akakata ubavu wa boksi la kompyuta yake kwa msumeno, mkia wa kadi ukabaki nje. Akawasha. Taa ya sebuleni ikafifia, friji ikanyamaza, lakini Kanga akatembea, tap tap tap tap, mpaka kwenye keki. Ijumaa mama yake Kanga alilia hadi leso ikalowa, kisha akaagiza video za binti zake wanne waliobaki.

Jumamosi, hodi. Kiboko. Komba akatamani kurukia darini ajifiche.

"Ile kadi yako," Kiboko akasema, "nimefungua picha ya pilau tangu asubuhi. Mpaka sasa haijamaliza kutokea."

"Nisamehe, Mjomba."

"Nikusamehe nini? Zamani pilau lilikuwa linapita kabla sijashiba kulitazama. Hili linakaa. Unayo kadi nyingine kama hii, ya kompyuta ya chumbani?"

Basi, wenzangu, funzo ni hili: usifanye hila. Fanya kazi kwa bidii, weka akiba, nunua dukani. Hivyo ndivyo Komba anavyowaasa wanawe, ameegemea lile boksi lenye mkia.

Ngano nimeizima. Ikiwafaa, ondokeni nayo. Ikiwakwamia njiani, laumuni kadi yangu.